Madirisha yanayopitisha upepo wa kusi na mvua: niyazibe vipi kwa gharama ndogo?

Mpangaji wa Likoni
Asalaam aleikum. Ninakaa ghorofa ya tatu huku Likoni, katika nyumba ambayo madirisha yake yameelekea baharini, na tangu kusi ianze kuvuma hatulali vizuri kwa sababu ya mluzi wa upepo unaopenya kwenye nyufa. Mvua ya masika ikija pamoja na upepo huo, maji huingia mpaka kwenye kochi, nasi tumebaki kukunja leso kuukuu na kuzipanga kizingitini kila jioni. Dirisha la sebuleni ni la alumini, la kusukuma. La chumbani ni la mbao, la zamani. Nimesoma kwamba watu wa nchi za baridi hubandika karatasi ya plastiki kwenye fremu nzima, kisha huipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakazika. Je, njia hiyo itanifaa? Nyumba ni ya kupanga, kwa hivyo sipendi kuharibu mali ya mwenyewe.

Fundi wa Kongowea
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Plastiki ile huzuilia hewa iliyotulia baina yake na kioo ili joto la ndani lisitoke. Sisi wa Mombasa joto la kutoka ndilo tunaloliomba, na dirisha lililobandikwa hivyo halifunguki tena, kwa hivyo iache.

Anza na la alumini. Chungulia upande wa nje, chini ya reli ambayo vioo hutelezea, utaona vitundu vidogo. Kazi yake ni kutoa maji ya mvua yaliyoingia kwenye reli, lakini nyumba za karibu na bahari huvijaza mchanga na chumvi, na maji yakikosa njia hufurika ndani. Vichokoe kwa waya mwembamba, kisha mimina kikombe cha maji kwenye reli uone kama yanatokea nje. Nimeitwa mara kadhaa na watu waliovipaka silikoni wakidhani ndivyo vinavyovujisha, na kazi yangu ikawa kukwangua tu. Baada ya hapo kagua utepe wenye manyoya uliopachikwa pembeni mwa vioo. Ukiwa umelala au umekatika, huo ndio mlango wa mluzi. Wakata alumini huuuza kwa mita, nawe unaweza kuuchomeka mwenyewe.

Bibi wa Mji wa Kale
Mwanangu, kuhusu la mbao, usimruhusu mtu alipige randa msimu huu. Mbao hunywa unyevu zikavimba, na ukizipunguza sasa, kaskazi ikifika zitanywea na nyufa zitakuwa pana kuliko za leo. Washa chetezo, tia udi, ukipitishe polepole kando ya fremu siku ya upepo huku milango mingine imefungwa: moshi unapoyumba ghafla ndipo penye ufa. Hapo bandika utepe wa sponji wenye gundi, ule unaobonyea dirisha likifungwa. Haudumu miaka mingi, ila hutoka bila kuacha kovu kubwa, na hilo kwa mpangaji ni jambo la maana.

Fundi wa Kongowea
Bibi amesema kweli. Niongeze kwamba ufa ulioko kati ya fremu na ukuta ni wa silikoni, si wa sponji. Osha chumvi kwa maji baridi, acha pakauke kabisa, ndipo upake; ukipaka juu ya chumvi itabanduka. Silikoni inayonuka kama siki iepuke karibu na grili na misumari, kwa kuwa asidi yake huharakisha kutu; ulizia isiyo na harufu hiyo. Na kama mnapikia makaa ndani, msizibe kila tundu, kwani moshi wake una gesi isiyonuka inayoua.

Mpangaji wa Likoni
Nashukuruni nyote. Nimechokoa vitundu vitatu asubuhi ya leo na kimoja kimetoa donge la mchanga pamoja na kiota cha nyigu. Maji ya kikombe yametoka nje yote. Utepe wa manyoya nitaununua Jumamosi. Tunapikia gesi, na dirisha la jikoni nitaliacha kama lilivyo. Udi ninao, nasubiri upepo urudi.