Maji ya mvua kwenye mitaa mipya: ni ya mwenye kiwanja au ya Serikali?

Mkaazi wa Tomondo (mtoa mada)
Asalaam aleikum. Hapa Unguja kila masika ikiingia tunailaumu Serikali kwa mitaro. Mimi nasema mtaro ni jambo la mwisho. Anayejenga nyumba mpya alazimishwe kuyazuia maji ya paa lake ndani ya kiwanja chake, na eka isikatwe viwanja mpaka njia ya maji iwe imeshatengwa.

Pigeni hesabu. Paa la mita za mraba 150 likinyeshewa milimita 50 linatoa lita 7,500. Nyumba 40 ni lita 300,000, na hapo hujagusa nyua zilizotandikwa vitofali. Zamani pale palikuwa mihogo na miembe, maji yakinywewa papo hapo.

Mjini ilijengwa mitaro mikubwa kwa mradi wa ZUSP, ule wa huduma za miji Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na maji yakapelekwa baharini. Imesaidia, siibezi. Lakini mtaro hupimwa kwa maji ya wakati ule. Mapaa yakizidi kuongezeka, nao utazidiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kifusi. Mtaani kwetu mtu anaanza ujenzi kwa kumwaga magari ya kifusi mpaka kiwanja kiwe juu kuliko cha jirani. Anazungusha ukuta, chini anachomeka kipande cha bomba la inchi nne, maji yote yanatokea uchochoroni. Jirani wa chini naye anaagiza kifusi. Mwisho wake ni yule asiye na pesa ya kifusi: karo lake la choo linajaa na uchafu unaelea mpaka mlangoni. Kipindupindu cha 2016 hatujakisahau.

Fundi wa Kisauni
Kwenye kifusi niko na wewe. Lakini hili la kila mtu na maji yake haliwezekani kila pahala, ardhi ya Unguja si moja. Chimba shimo la kuzamisha maji ya mvua kwenye udongo wa kinamo, huko mabondeni, mvua moja tu limejaa na halishuki. Kwenye mawe maji yanazama upesi, lakini yanapita kwenye nyufa bila ya kuchujwa, na huko chini ndiko tunakochota maji ya kunywa. Shimo likikaa karibu na karo, uchafu unaingia kisimani.

Mama wa Fuoni
Nyinyi mnazungumzia viwanja vya kupimwa. Wengi wetu tumenunua kwa wenye eka tatu, zile zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwenyewe kakata vipande mpaka ukingoni, sheha wa mtaa kashuhudia, tukapewa karatasi. Hakuachwa njia ya gari, seuze ya maji. Kiwanja changu nyumba imekimaliza, shimo sina pa kulichimba. Mkinitoza faini mimi, aliyeniuzia mnamwacha.

Mkaazi wa Tomondo
Fundi, kwenye kinamo ndiyo pasijengwe kabisa. Bonde lilipokuwa la mpunga lilipokea maji ya mitaa yote ya juu. Leo tunaliuza vipande vipande, halafu tunashangaa maji yanapoingia ndani. Libaki bonde. Na kwenye mawe, maji ya bati yaingie tangini kwanza. Hayo ni masafi kuliko ya uani, na maji ya bomba yenyewe mitaa mingi yanatoka kwa zamu.

Mama, wewe usitozwe. Sheria iwaanzie wanaokata eka sasa na kampuni zinazojenga nyumba za kuuza, hao nafasi wanayo na pesa wanazo. Mtaa uliokwishajengwa kama wenu, hapo kweli ni kazi ya Serikali: ichukue vipande viwili vitatu vya chini, ilipe fidia, ipitishe mtaro.

Kijana wa Mwera
Kwenye fidia ndiko mnakokwama. Mwenye kipande cha bondeni ni masikini kuliko wote, kanunua huko kwa sababu ya bei. Kisheria ardhi ni mali ya umma, kwa hiyo akilipwa thamani ya jengo peke yake, hizo pesa hazimpatii pa kujenga tena, na atakwenda kununua bonde jengine. Mimi naunga mkono mtaro kwa sharti moja: apewe kwanza kiwanja kilichopimwa, pahala pa juu, kwa maandishi, ndipo nyumba yake ivunjwe.