Msaada wakuu: nchi tano, mfumo mmoja, na bosi anataka tuwashe Januari mosi

Mgeni_wa_Leja:
Salaam wakuu. Niko Dar, kampuni yetu inauza vifaa vya ujenzi: nondo, bati, misumari, rangi. Kampuni mama iko Nairobi, tanzu ziko hapa, Kampala, Kigali na Lubumbashi. Mpaka leo kila mtu ana programu yake ya hesabu. Nairobi wana Sage, sisi Tally, Kampala QuickBooks, Kigali wana kitu walichotengenezewa na kijana ambaye siku hizi hapokei simu, Lubumbashi ni Excel tu. Kila mwezi mhasibu wa makao makuu anapokea majedwali matano yasiyofanana, anayashona kwa mkono, na hesabu zinatoka wiki tatu baada ya mwezi kuisha.

Mwenye mali kaamua: SAP kote, ule mfumo wa Kijerumani wa kuendesha hesabu, stoo na mauzo pamoja, iwashwe Januari mosi kwa mpigo. Mratibu nimeteuliwa mimi. Maswali mawili: tuwashe nchi zote pamoja au moja moja? Na mpangilio wa akaunti wa Nairobi, yaani orodha ya namba za akaunti, ndio uwe wa wote? Meneja wa Kampala ameshatangaza kwamba mfumo ukiingia yeye anarudi kulima.

Pwagu_Tena:
Januari mosi! Usiku wa 31 mmekesha mkihesabu stoo, wakaguzi wanabisha hodi, na nusu ya ofisi bado iko Moshi. Hongera mkuu.

MzeeWaLeja:
Swali lako la kwanza lisubiri kidogo. Nondo ya milimita 12 mnaihesabuje?

Usicheke. Nimewahi kuratibu kazi kama yako, nchi tatu. Dar tulihesabu vipande, kwa sababu fundi wa Mbagala akija anasema "nipe ishirini". Kiwandani inatoka kwa tani. Tanzu nyingine wao walihesabu mafungu. Kwenye orodha tulikuta "Nondo 12mm", "Nondo mm 12", "Y12" na "Fer 12", kila moja na namba yake, na zote ni chuma kilekile.

Tukaziunganisha, tukajiona mashujaa. Kwa vitabu, mita moja ya mm 12 ina kilo 0.888, kwa hiyo kipande cha mita 12 ni kilo 10.66, na tani moja ni vipande kama 94. Tukaiingiza hesabu hiyo kwenye mfumo, tukalala. Kumbe mzigo tuliokuwa tunapokea ulikuwa mwepesi, karibu kilo 10 kwa kipande. Tani 10 zikipita mizani, mfumo unaandika vipande 938, stoo wanashusha 1,000. Vipande 62 mfumo hauvijui. Na kitu ambacho mfumo haukijui, mkuu, hakikai sana stoo.

Kwa hiyo kabla washauri wa SAP hawajawasha kompyuta zao: orodha moja ya bidhaa, jina moja, namba moja, kipimo kimoja cha msingi, na uzito mliopima wenyewe. Halafu mtu mmoja tu, mwenye jina na simu, ndiye aruhusiwe kufungua bidhaa mpya. Sio idara, mtu. Wateja na wauzaji nao vivyo hivyo.

Lidl, wenye maduka makubwa wa Ujerumani, waliuacha mradi wao wa SAP mwaka 2018, baada ya miaka kama saba na takribani yuro milioni 500. Sababu inayotajwa sana ni kwamba wao walizoea kuthamini stoo kwa bei ya kununulia, mfumo ukataka bei ya kuuzia, wakaanza kuupinda mfumo uwafuate. Wao walikuwa na hela za kupoteza.

Mama_Invoisi:
Mimi niko Nairobi. Usisahau wenye ushuru. Kila nchi ankara lazima ifike kwao kwa mfumo wao wa kielektroniki: Kenya eTIMS, Uganda EFRIS, Rwanda EBM, na nyinyi TRA na risiti zenu za EFD. Hazifanani hata kidogo. EFRIS, kwa mfano, inataka bidhaa isajiliwe kwanza ndipo uitolee ankara. VAT nayo ni 16 kwetu na Kongo, 18 kwenu, Uganda na Rwanda.

Tulipowasha wetu ankara zilitoka zikiwa nzuri, zimepangika, ila KRA, wenye ushuru wetu, hazikuwafikia. Mteja mkubwa akakataa kulipa, na alikuwa na haki: bila eTIMS gharama yake haikubaliki kwenye kodi. Jaribuni pia ankara ya kurudisha mzigo. Hapo ndipo wengi hukwama, na hakuna anayeijaribu mpaka mteja arudishe bati zilizopinda.

Mtu_wa_Lubumbashi:
Ndugu, akaunti za Nairobi msituletee hivyohivyo. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na mpangilio wake wa akaunti, SYSCOHADA, ni sheria: gharama zinaanza na 6, mapato na 7, stoo na 3. Mkaguzi wetu akikuta namba za Nairobi hazisomi. Dawa ipo: kila akaunti ibebe namba mbili, ya kundi na ya nchi. SAP inaruhusu. Waulizeni washauri mapema, wasije wakasema ni kazi ya ziada yenye bei yake. Pia kwetu bei tunataja kwa dola, mteja analeta faranga. Lijaribuni hilo hapa, Nairobi hamtaliona.

Kata_Mzizi:
Mimi napinga moja moja. Dar ikiwa kwenye SAP na Kampala bado QuickBooks, mzigo mnaouziana utalinganishwa kwa mkono mwaka mzima. Ng'oa mara moja.

MzeeWaLeja:
Kata, ni kweli utalinganishwa kwa mkono, na unachosha. Ila ukikosea kwa nchi moja una nchi nne za kula. Mgeni aanze na tanzu ambayo meneja wake anautaka mfumo. Kampala wa mwisho, huyo wa kulima akishaona wenzake wanafunga mwezi kwa siku tano atakuja mwenyewe.

Bi_Stoo:
Shikamooni. Mimi ndiye ninayepokea mzigo, sio mhasibu. Walitufundisha siku mbili, kwa Kiingereza, hotelini, chai nzuri. Jumatatu gari likaingia, mtandao ukakatika, nikaandika kwenye kaunta buku kama zamani. Mpaka leo naandika kote kuwili. Tufundisheni stoo, kwa Kiswahili, gari likiwa linashushwa.

Mgeni_wa_Leja:
Marahaba Bi Stoo, na asanteni wote. Leo jioni nimebeba mizani hadi stoo yetu. Nimepima nondo kumi za mm 12. Kilo 101.

MzeeWaLeja:
Pima nyingine kumi, za mzigo mwingine. Ndipo uandike Nairobi. Andika, usipige simu.