Zion na Bryce au Grand Canyon? Kundi letu limegawanyika

Mwanapwani_Dallas: Habari zenu wapendwa. Tunapanga safari ya magari na mahema, ndugu na marafiki, tukaone makorongo ya jangwani. Nusu wanataka Zion na Bryce kule Utah, nusu wanataka Grand Canyon tu. Tena tunabishana kama tukodi gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani, au twende na magari yetu. Tushaurini, inabidi tulipie wiki hii.

Kipanga_Phoenix: Mwezi gani? Mko wangapi? Kuna watoto? Jangwa haliulizwi bila kutaja mwezi.

BintiTanga: Na wote ni wakazi wa Marekani? Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi huongezewa dola 100 za kiingilio Zion, Bryce na Grand Canyon, asipokuwa na kadi ya mwaka ya hifadhi ya dola 250. Ya mkazi ni dola 80.

Mwanapwani_Dallas: Tuko tisa, wawili bado wako shule ya msingi. Mwisho wa Julai. Shangazi anatoka Mombasa, ana viza ya matembezi.

Kipanga_Phoenix: Kwa Julai, nendeni Grand Canyon ukingo wa kusini. Uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, usiku mtatafuta blanketi, wakati bondeni Zion mchana joto hupita nyuzi 38. Ila msiwashushe watoto kuelekea mtoni. Kushuka ni rahisi, kazi yote iko kwenye kurudi juu, na chini huko joto hupita 40. Halafu kambi ya Mather inapokea watu sita tu kwa kiwanja kimoja, kwa hiyo mtahitaji viwili. Nafasi hufunguliwa miezi sita kabla, basi anzeni kuwinda za walioghairi.

Mzee_wa_Hema: Kipanga, kwa heshima zote, Grand Canyon na watoto mtaitazama kutoka ukingoni tu. Zion unaingia ndani, kuta za mawe mekundu ziko kulia na kushoto. Joto likizidi, Bryce haiko mbali, kama kilomita 140, na iko juu zaidi ya mita 2,400. Gari kubwa msichukue! Handaki la Zion la kuelekea mashariki ni la mwaka 1930, jembamba, na magari makubwa yana masharti yake.

BintiTanga: Mzee, Julai hiyohiyo ndiyo majira ya mvua za ghafla. Agosti 1997 watu 11 walikufa kwa mafuriko Antelope Canyon, korongo jembamba kule Arizona, na mvua yenyewe ilinyesha mbali, si pale walipokuwa. Watoto wasiingie mtoni kabla hamjauliza walinzi wa hifadhi asubuhi ileile.

Salma_SLC: Mimi nawaomba mfikirie saa. Sisi tulikwenda na magari mawili, tukalipia waongozaji wa Antelope Canyon, maana ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, huingii bila mwongozaji. Gari moja lilitokea Utah, jingine lilipita ardhi ya Wanavajo. Majira ya joto Utah inasogeza saa mbele, Arizona haisogezi, lakini Wanavajo walio ndani ya Arizona wanasogeza! Ziara zile zinafuata saa ya Arizona. Simu zikawa zinabadilika zenyewe njiani, mtandao hakuna, kila gari linaamini saa yake. Wenzetu walifika mapema, wakadhani tumewapita, wakaondoka kututafuta. Chakula na maji ya ziada vilikuwa kwao, watoto kwetu. Tulikutana jua likizama, ziara imepita, pesa hazikurudi, na kaka zangu wawili hawakusemeshana mpaka nyumbani. Kila gari libebe maji na chakula chake, lita nne kwa mtu kwa siku.

Kipanga_Phoenix: Pole sana dada. Ndiyo maana nasema kituo kimoja, Grand Canyon.

Mla_Ugali: Na mkaa? Jioni bila nyama choma siielewi.

BintiTanga: Kiangazi moto wa mkaa na kuni hupigwa marufuku mara nyingi. Bebeni jiko la gesi.

Mla_Ugali: Jiko dogo la gesi na ugali wa watu tisa? Sufuria litapinduka.

Mzee_wa_Hema: La macho mawili halipinduki. Sisi tunasonga hivyo miaka yote.

Mwanapwani_Dallas: Asanteni. Shangazi amesoma haya yote, sasa anasema anataka Bryce kwa sababu ya baridi. Wanaume bado wanang'ang'ania gari kubwa. Mzee, handaki lile linapitisha gari la urefu gani?