Kodi ya mapato ifuate unapoishi au pasipoti yako? Karibuni tujadili

Wadau habari. Kuna hoja naisikia kila mara kwamba mtu akihamia nje bado alipe kodi ya mapato kwenye nchi ya pasipoti yake. Mi naikataa kabisa, kodi ifuate unapoishi, unapotembelea barabara na kutibiwa. Ila kwanza tuwekane sawa maana ubishi mwingi unatokana na kutojua kodi yenyewe inavyokwenda.

Kodi ya mapato inagusa mshahara, faida ya biashara, pango unalokusanya, riba, gawio. Nchi nyingi zinatoza kwa madaraja, na hapa watu wanajichanganya sana, ukiingia daraja la juu hukatwi kiwango kipya kwenye hela yote, ni kwenye iliyozidi tu. Mpaka wa daraja ukiwa 1,000 na we umepata 1,100, kiwango kikubwa kinagusa ile 100 basi. Anayekataa nyongeza ya mshahara eti kodi itaimeza yote anajipunja bure.

Sasa ukaazi. Kwa sehemu kubwa ya dunia mkaazi anatozwa kwa mapato yake yote popote yalikotoka, asiye mkaazi anatozwa kwa kile kilichopatikana ndani ya nchi ile tu, na mara nyingi hapati nafuu anazopata mkaazi. Na ukaazi wa kodi sio uraia wala sio viza. Wengi wameshika siku 183 kama dawa, yaani kwamba ukikaa nchini chini ya hapo kwa mwaka huwi mkaazi, wanahesabu wakifika 182 wanapanda ndege wakiamini wamepona, kumbe nchi nyingi zinaangalia pia una nyumba wapi, mke au mume na watoto wako wapi, maisha yako yamelalia upande gani. Nchi mbili zikikugombania na zina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, kawaida wanaanza na makazi ya kudumu, halafu kitovu cha maisha yako, halafu unapokaa zaidi, uraia unakuja mwishoni huko. Hata mikataba yenyewe imeuweka nyuma!

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu sikubaliani. Marekani inatoza raia wake hata akiishi nje, Eritrea inadai 2% kwa watu wake walio nje. Nchi imekusomesha, imekuchanja ukiwa mtoto, na mambo yakiharibika unakimbilia ubalozini. Halafu matajiri wanaohamia kule Falme za Kiarabu ambako mshahara haukatwi kodi ya mapato, hao tuwaache tu?

Mchangiaji wa pili:
Mi naomba kuuliza, nafanya kazi kwa laptop, mwajiri yuko nchi nyingine na hela inaingia benki ya huko huko. Nadaiwa wapi?

Mleta mada:
Ndugu wa laptop, kwa kawaida kinachoangaliwa ni wapi umekaa ukiifanya hiyo kazi, sio benki ilipo. Kama unaishi hapo na kazi unaifanyia hapo, jiandae kudaiwa hapo, na usisubiri barua.

Kwa mchangiaji wa kwanza, la matajiri nakubali lina uzito, ila kuna nchi kama Kanada zinamtoza mtu anapohama kwa thamani iliyoongezeka kwenye mali zake kana kwamba kaziuza siku hiyo. Hiyo inamfuata tajiri bila kumbana nesi aliyehama kutafuta maisha. Na hiyo Marekani unayoitaja inampunguzia raia wake kodi aliyokwisha kulipa alipo, kwa hiyo wengi hawabakiwi na deni lolote ila ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato, lazima wapeleke kila mwaka, kazi bure. Sasa nikuulize, mtu kazaliwa Marekani wazazi wakiwa masomoni, akaondolewa akiwa bado ananyonya na hajarudi tena, kisheria ni raia na anatakiwa kupeleka ritani huko. Huyo alisomeshwa na nani? Naomba unijibu hilo.