Skauti wa Arusha na Moshi wapige kambi chuo cha jeshi Monduli? Tujadili

Mlezi wa Sakina: Wakuu, kule Marekani chuo cha kijeshi cha West Point, kile cha tangu 1802 kando ya Mto Hudson, kwa miaka mingi kimekuwa kikikaribisha skauti kwa kambi. Watoto wanalala kwenye mahema, na maofisa wanafunzi ndio wanaosimamia mashindano ya vikosi. Sisi chuo cha maofisa tunacho hapo Monduli. Shule zikifungwa Juni, kwa nini skauti wetu wasipige kambi pale? Au tunaogopa watoto kukaribia bunduki?

Chalii wa Kijenge: Mtoto wa darasa la sita akafundishwe nini na mwanajeshi, kuruka kichura? JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ipo kwa kazi hiyo, akimaliza kidato cha sita ataitwa, na kambi yake ya Oljoro siyo mbali. Halafu skauti gani hao? Skauti wa siku hizi kazi yao kumvisha mgeni rasmi skafu akishuka kwenye gari, basi.

Mama Majengo: Kijenge, hilo la skafu lifute. Nimevisha skafu wakimbiza Mwenge nikiwa darasa la saba. Siku hiyohiyo mwenzetu alizimia kwa jua, na sisi watoto ndio tuliomlaza kivulini tukamwinua miguu, walimu wanatafutana. Wewe ulikuwa wapi? Nyuma ya choo unatafuna miwa.

Chalii wa Kijenge: Miwa ni ya kwenu huko Moshi dada, mashamba ya kiwanda cha sukari cha TPC yote hayo. Usinisingizie.

Mangi wa Kibosho: TPC imeingiaje hapa? Ila chalii, unajua kwa nini skafu ina pembe tatu? Mtu akivunjika mkono unaivua shingoni, unamning'inizia mkono. Fundo lake kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule linateleza, mgonjwa anapiga kelele. Haikushonwa kwa ajili ya wageni rasmi.

Mama Majengo: Mwambie huyo!

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, punguzeni moto. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwenyewe alikuwa mwanajeshi. Alizingirwa Mafeking, Afrika Kusini, siku 217, mwaka 1899 hadi 1900, na wavulana wa mji ule walikuwa wakipeleka barua kwa baiskeli. Wazo la skauti lilipata nguvu hapo. Kwa hiyo jeshi na skauti ni ndugu, msishangae wakilala uwanja mmoja.

Chalii wa Kijenge: Shikamoo mwalimu. Huyo si ndiye mkoloni aliyeanzisha skauti Kenya?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Kenya ndiko alikozikwa, Nyeri, 1941. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimekwenda nyumbani. Kambi ya kwanza ilikuwa Uingereza, kisiwa cha Brownsea, 1907, vijana kama ishirini, wa matajiri na wa vibarua wakichanganywa makusudi.

Chalii wa Kijenge: Mwalimu, umenisaidia bila kujua. Jenerali mzima, kambi za jeshi za Uingereza anazijua zote, lakini watoto akawapeleka kisiwani wakapike na kufuata nyayo. Kwa nini hakuwapeleka kambini kwake?

Wa Njiro: Mimi shida yangu ni baridi. Watoto wa Moshi mjini wamezoea joto, Monduli ya Julai watalia usiku kucha.

Mangi wa Kibosho: Nani kakwambia Moshi yote ni stendi? Panda Kibosho asubuhi moja ya Julai bila sweta, halafu urudi hapa uandike. Kama vidole vitafanya kazi.

Wa Njiro: Mangi, nimesema Moshi *mjini*.

Mangi wa Kibosho: Mjini ni sisi hao hao tumeshuka kutafuta riziki.

Mzazi wa Watatu: Hii mada itaishia kwenye mchango, nawaambia. Muhula uliopita nilinunua sare, kofia, mkanda na filimbi. Kijana kavaa mara mbili, mara moja kwenye picha. Hayo mahema ya Monduli nani atayalipia?

Mlezi wa Sakina: Mahema jeshi wanayo mzee. Ndiyo maana niliuliza...

Mzazi wa Watatu: Na basi la kuwapeleka nalo wanalo?

Mama Majengo: Kijenge kimya. Skafu bado hajaifuta.

Chalii wa Kijenge: Sipo kimya, nilikuwa nala. Haya dada, nafuta lile neno "basi" nililomalizia kwenye skafu. Yaliyotangulia yanakaa.

Mama Majengo: Nimeliona. Jumamosi pita Majengo na skafu yako ufundishwe fundo, maana kwa mdomo huo ipo siku utavunjwa mkono.