Nimempa tiketi, anakula karanga zangu, halafu ananiambia NALILIA CHOO!

Wakuu, nimeshuka treni ya BART sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua. Simtaji, nimtaje wa nini wakati mnamjua? Yule wa kila harusi, anayefika kabla ya bi harusi na kuondoka na sufuria. Nilikuwa na tiketi mbili za mechi ya mwisho ya A's, timu yetu ya besiboli, pale Coliseum, uwanja wetu wa Oakland, kabla timu haijahama, watu wanazitafuta kama dawa, nikampa moja BURE.

Mechi imeisha, 3-2, wapinzani wetu Rangers wamelala. Tuko watu 46,889, hakuna anayetaka kutoka. Kotsay, kocha, kashika kipaza sauti anatushukuru. Watunza uwanja wanachota udongo, wanawagawia mashabiki. Machozi yananitoka. Jamaa anatafuna karanga ZANGU, ananigeukia: "Kwani si choo tu hiki? Unalilia choo?"

Mdomo umejaa! Ganda limemning'inia mdomoni!

Ndiyo, 2013 maji taka yalifurika hadi vyumba vya wachezaji. Ndiyo, paka wa mitaani walihamia. Ndiyo, lile jukwaa refu walilowajengea Raiders, wale wa mpira wa Kimarekani, liliziba vilima vyote. Nani asiyejua? Nyumba ya bibi ikivuja, unaiita choo na bibi anasikia?

Pale pale mrushaji wetu Catfish Hunter, 1968, aliwazima wapigaji wote 27 wa Twins, hakuna hata mmoja aliyegusa besi. Dallas Braden akarudia 2010, Siku ya Mama, na bibi yake aliyemlea akiwa uwanjani. 2002 tuliongoza 11-0, Royals wakasawazisha 11-11, roho mkononi, Hatteberg wetu akaupiga mpira ukatoka nje ya uzio, ushindi wa 20 mfululizo! Rickey Henderson wetu aliiba besi ya 939 (yaani kuikimbilia na kuiwahi kabla hawajamtoa) mwaka 1991, akavunja rekodi, akaing'oa akainyanyua juu. Leo Rickey huyo huyo karusha mpira wa ufunguzi pamoja na Dave Stewart, mrushaji wetu wa zamani, na jamaa ananiuliza, "Yule mzee nani?" Nikanyamaza. Nikasema ni mgeni.

Nilipofika nchi hii Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Wa kwanza kunisogezea nafasi nikae ni wale wapiga ngoma wa majukwaa ya nje. Hawakuniuliza natoka wapi. Ngoma naijua, nikapiga makofi, basi. Leo wamepiga hadi mikono imechoka, na pembeni yangu mtu anatafuna.

Mwenye timu naye anaipeleka Sacramento msimu wa 2025, kwenye uwanja wa timu ndogo, huku akisubiri kuihamishia Las Vegas. Huyo zamu yake itafika. Leo ni huyu wa karanga. CHOO!

---

Mama_Wawili: Sufuria! Kumbe na wewe? Yangu iliondoka Machi, tena na mfuniko.

Kipa_Mstaafu: Mkuu, mtu mzima unalilia mchezo ambao watu wanasimama kwa muda wa saa tatu wakitema mbegu za alizeti? Njoo huku kwenye mpira wa miguu upone.

Mwenye uzi: Wewe hukuwepo. Mdomo umejaa karanga ZANGU! "Unalilia choo"!

Fedha_na_Nyeusi: Pole, ila msiba una wakubwa wake. Raiders walituacha 1982 wakaenda Los Angeles, wakarudi 1995, wakatuacha tena 2020 kwenda Las Vegas hiyo hiyo. Warriors wa mpira wa kikapu 2019 wakavuka daraja kwenda San Francisco. Nyie mmefiwa mara moja tu, mnataka turubai na viti?

Mwana_wa_Missouri: Niko Kansas City. Timu hiyo mliichukua kwetu 1968. Siku ile mlilia?

Fedha_na_Nyeusi: Na nyie mliichukua Philadelphia 1955. Kaa chini.

Kipa_Mstaafu: Kwa hiyo mnagombea mali ya wizi 😂😂

Mwenye uzi: Jamani, ganda mdomoni! Nilitaka kumpa nusu ya udongo wangu!

Dada_wa_Fremont: Mama Wawili, huo mfuniko una kishikio chekundu?

Mama_Wawili: NDIYO. Umeuona wapi?

Dada_wa_Fremont: Kwake, Jumamosi, kwenye kicheni pati ya shemeji yake. Ndani kulikuwa na maandazi.

Mama_Wawili: Maandazi?? Sufuria yangu ya pilau ya watu 40, mtu anawekea MAANDAZI?

Kipa_Mstaafu: Yalikuwa matamu lakini.

Mama_Wawili: Kaka Kipa, kumbe nawe ulikuwepo ukanyamaza? Nani yuko karibu na kwake usiku huu?

Dada_wa_Fremont: Mimi, dakika kumi. Niende?

Mama_Wawili: Nenda mdogo wangu. Usisahau mfuniko.