Ubani ibadani: agizo la Mungu au mapokeo tu? Naomba ushauri wa haraka

Mwana wa Kihamba: Wakuu, habari za jioni. Wenye kujua Maandiko na historia nisaidieni. Ubani waliofukiza makuhani wa Israeli ulikuwa na maana gani? Wakristo wa kwanza waliuendeleza au waliuacha? Nina siku mbili tu za kutoa jibu mahali fulani. Matusi ya dini tafadhali tuyaache.

Mzee wa Chetezo: Soma Kutoka 30. Madhabahu ya mti wa mshita iliyofunikwa dhahabu, upana dhiraa moja, kimo dhiraa mbili. Haruni alifukiza asubuhi akizitengeneza taa, na jioni akiziwasha. Mchanganyiko wenyewe umetajwa: natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi, uzani sawa, ukatiwa chumvi. Ukijitengenezea nyumbani ili unuse, unakatiliwa mbali na watu wako. Maana yake iko Zaburi 141, sala ipae kama uvumba. Ila Siku ya Upatanisho kuhani mkuu aliingia na chetezo cha makaa nyuma ya pazia, wingu la moshi likafunika kiti cha rehema, asije akafa. Moshi ulikuwa sala, na ulikuwa stara pia.

Binti Tanga: Mmenikumbusha bibi yangu. Sisi Waislamu, lakini Alhamisi jioni lazima achukue chetezo chake azunguke vyumba vyote, nguo za Ijumaa zilale zikinukia. Alikuwa anasema ubani mzuri ni wa Omani na wa Somalia, huo mwingine ni moshi wa kufukuzia mbu.

Mlinzi wa Zamu: Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walileta moto wa kigeni, wakateketea palepale. Isaya 1:13, Mungu mwenyewe anasema uvumba ni chukizo kwake. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, kuhani wetu ni Yesu. Mnatafuta moshi wa nini tena?

Mzee wa Chetezo: Isaya anawasema wenye mikono iliyojaa damu, soma hadi mstari wa 15. Usikate andiko katikati.

Kalamu Nyekundu: Mleta mada, siku mbili za nini? Historia ya uvumba haina haraka hiyo. Funguka.

Mwana wa Kihamba: Baba yangu amefariki Jumanne. Alikuwa Mkatoliki, mimi na mke wangu tumeokoka. Misa ya mazishi ni Jumamosi, na nimeshamwambia padri asifukize jeneza. Mama hanisemeshi tangu jana. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, neno ni langu. Na Wakristo wa zamani walikufa kwa kuukataa ubani! Mwaka 250, wakati wa Kaisari Decius wa Roma, aliyeutupa motoni mbele ya miungu alihesabiwa amemkana Kristo.

Binti Tanga: Inna lillahi. Pole sana kaka yangu.

Mzee wa Chetezo: Pole mwanangu. Hilo la Decius ni kweli, ndiyo sababu Wakristo wa karne zile waliuogopa ubani ibadani. Lakini msikie Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, mnamo 197. Anakiri kuwa hawanunui ubani wa kufukizia miungu, kisha anasema wauzaji wa Arabuni wasilalamike, maana Wakristo wanatumia bidhaa zao nyingi na ghali zaidi kuzika wafu wao. Umeona? Wakati ule wanauogopa kila mahali, mazishini hawakuuacha. Na miaka ya 380 Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu, anaeleza vyetezo vikiingizwa Jumapili alfajiri kwenye pango la kaburi la Yesu, kanisa zima likanukia, ndipo inasomwa Injili ya ufufuko. Jeneza linafukizwa kwa sababu mwili ule ulikuwa hekalu la Roho. Hakuna anayemwabudu marehemu.

Kalamu Nyekundu: Na marehemu mwenyewe alisemaje?

Mlinzi wa Zamu: Marehemu hana la kusema. Simama na imani yako, ndugu.

Kalamu Nyekundu: Nimemuuliza yeye.

Mwana wa Kihamba: Alibeba chetezo parokiani tangu ujana wake. Wiki ya mwisho aliniambia, "Siku yangu msininyime ubani." Nikamwitikia, "Sawa, baba." Nilimwitikia ili apumzike. Sikuapa.

Dereva wa Usiku: Hii chai, tena ya tangawizi. Baba mbeba chetezo, mwana mlokole, mama kanuna, na wosia juu! Mfiwa gani anashinda mtandaoni?

Binti Tanga: Asiyepata usingizi. Sisi tulipofiwa na bibi nilikuwa macho siku nne.

Dereva wa Usiku: Basi atuambie chetezo kinafananaje.

Mwana wa Kihamba: Cha shaba, minyororo mitatu, mmoja umeungwa kwa waya wa baiskeli. Parokia ilipopata kipya walimpa hiki cha zamani. Kiko mezani mbele yangu, ndani kuna majivu bado. Wenzangu wamelala kwenye turubai. Uamini au usiamini, ni juu yako.

Dereva wa Usiku: Nisamehe, ndugu yangu. Pole kwa msiba.

Mwana wa Kihamba: Mzee wa Chetezo, hayo ya Tertullian yapo wapi? Nataka nimsomee mke wangu kabla sijampigia padri.

Mzee wa Chetezo: Kitabu chake Apologeticum, sura ya 42. Lakini anza kwa mama, kama yuko macho.